Uzito wa Kijana ni Shughuli ya Kaya Nzima

Ukitaja lishe mkoani Simiyu, wengi humfikiria mtoto mdogo aliyedumaa. Wana sababu. Mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa maeneo yaliyomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu wake 2,140,497, ni wa wakulima na wafugaji. Mvua ikikosea, ghala huwa tupu mapema, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji huwahusu hasa watoto wa chini ya miaka mitano na mama zao. Lakini katika mitaa ya Bariadi mjini, kuanzia Somanda hadi Malambo, na katika miji iliyokaa kwenye barabara ya lami kama Lamadi na Maswa, yuko kijana mwingine ambaye mizani ya kliniki ilimwacha siku alipotimiza miaka mitano. Ana miaka 13 au 16, sare yake imeshaachiwa mshono, kwenye mchakamchaka hubaki nyuma akihema, na shuleni wamemwita Bonge mpaka jina lake limesahaulika. Nyumbani ama anasifiwa ama anasimangwa, na mara nyingine yote mawili kwa siku moja. Ninachotaka kuwaeleza wazazi na walimu ni kwamba kijana huyo hatasaidiwa kwa kunyimwa chakula wala kwa kuhubiriwa. Atasaidiwa kwa kupanga upya yale yanayoamuliwa bila yeye kuulizwa: kinachonunuliwa, kinachopikwa, pesa anayopewa, usafiri anaopandishwa na saa anayolala.

Tatizo lenyewe si la kubuni, na halisubiri tutajirike kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wenye umri wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 160 walikuwa na kiribatumbo, yaani unene uliokithiri. Kwa Tanzania, kioo kizuri ni wanawake wa umri wa kuzaa, kwa sababu hupimwa katika kila utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi: mwaka 2010 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa asilimia 22, na miaka mitano baadaye walikuwa asilimia 28. Hao ndio wanaopika, na ndio ambao watoto huwaiga. Jijini Nairobi, watafiti walipowapima wanafunzi wa miaka 9 hadi 11 katika utafiti uliohusisha nchi 12, walikuta takriban mmoja katika kila watano ana uzito uliozidi au kiribatumbo, na wanaotimiza muda wa mazoezi unaoshauriwa ni wachache, kidogo tu zaidi ya mmoja katika kumi. Tofauti na Ulaya au Marekani, ambako unene huwaandama zaidi maskini, kwa jirani zetu uliandamana na kipato. Watoto wa wenye gari, friji na pesa ya chenji ndio walionenepa kwanza. Mfanyabiashara wa pamba, mwalimu, mtumishi wa halmashauri na mwenye duka la jumla wa Bariadi wasome takwimu hiyo mara mbili.

Kuna watakaosema kuwa kuzungumzia unene Simiyu ni anasa wakati jirani hana unga. Hoja hii ina uzito, na sitaki pesa hata moja ya kupambana na udumavu ihamishwe. Lakini mpango wa taifa wa lishe wenyewe unatambua kuwa nchi imebeba mizigo mitatu kwa pamoja: utapiamlo wa kupungukiwa chakula, upungufu wa vitamini na madini, na uzito uliozidi. Mizigo hiyo hukaa nyumba moja, na mara nyingine mwili mmoja. Msichana mnene anayeishi kwa chai ya sukari, maandazi na chipsi anaweza kuwa na upungufu wa damu ulio sawa kabisa na wa msichana mwembamba anayeishi kwa ugali na chumvi, kwa maana wote wawili hawapati madini ya chuma. Mdogo wake anaweza kuwa amedumaa. Kikapu kitakachowafaa wote hao ni kilekile: mikunde, dagaa, maziwa, mboga za majani, matunda. Kwa hiyo anayepanga chakula cha kijana mnene hamwibii mtoto aliyedumaa. Anapanga chakula cha wote wawili kwa mara moja.

Wengine watasema unene ni neema, na hao hawastahili kubezwa. Kanda ya Ziwa imezika watu wengi. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, kukonda kulikuwa habari mbaya iliyotembea na mtu barabarani, na bibi aliyewauguza wanawe hadi wakabaki mifupa ana haki ya kufurahi anapomwona mjukuu ana mashavu. Kwa bibi kama huyo huwezi kuanza na neno kupunguza. Unaanza na anachokijua mwenyewe: shinikizo la damu, kisukari, magoti yanayouma, shangazi aliyepooza upande mmoja kabla hajafika uzeeni. Vijana wenye kiribatumbo wengi hubaki nacho ukubwani, na magonjwa hayo huanza kujijenga mapema, mtoto akiwa bado sekondari, bila maumivu ya kumshtua mtu. Mashavu ya mjukuu tunayataka. Tunachotaka zaidi ni kwamba mashavu hayo yamfikishe salama uzeeni.

Kabla ya hatua yoyote, apimwe. Jicho la mzazi hudanganya, na wakati wa kubalehe mwili hujaza nyama kabla ya kurefuka, hasa kwa wasichana, ambao nyonga na matiti hukua kwa mafuta yaliyo ya lazima. Pia msitumie vipimo vya watu wazima. Kwa mtu mzima, kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe zikatoa 24, hilo ni jibu la kawaida. Kwa msichana wa miaka 13 jibu hilohilo ni uzito uliozidi, kwa kuwa kwenye jedwali la Shirika la Afya Duniani mstari wa umri wake unapita karibu na 22, na wa kiribatumbo karibu na 26. Jedwali hilo linazingatia umri na jinsia, na afisa lishe wa halmashauri au kituo cha afya wanapaswa kuwa nalo. Vipimo vifanyike faraghani. Kumpima mtoto mbele ya darasa na kutaja kilo zake kwa sauti ni kumjeruhi kwa jina la afya.

Sasa nifike kwenye kiini. Desturi yetu ni kumwita kijana, kumkalisha na kumwambia apunguze kula. Anaitikia. Jioni mezani kuna wali wa mafuta, soda ya lita moja na nusu imefunguliwa kwa ajili ya baba, na wadogo zake wanajipakulia. Yeye peke yake ndiye anayetakiwa kushinda kila jaribu, akiwa na miaka 14, na akishindwa anaambiwa ana tamaa. Mkulima wa pamba hapulizii dawa mche mmoja na kuliacha shamba zima na wadudu wake, lakini ndivyo tunavyofanya kwa mtoto. Ushahidi wa kwamba njia hii haifai ni wa siku nyingi. Mwaka 1990 mtafiti Leonard Epstein na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya watoto wanene waliofuatiliwa kwa miaka 10: waliotibiwa pamoja na wazazi wao, mzazi naye akibadili ulaji na mwenendo wake, walikuwa na hali nzuri zaidi kuliko wale ambao familia zao hazikupewa jukumu lolote mahususi. Miaka 10 ni muda mrefu, mtoto wa darasa la tano anakuwa mtu mzima. Upande wa pili, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wakiongozwa na Dianne Neumark-Sztainer waliwafuatilia vijana kwa miaka mitano na kukuta kuwa waliojinyima chakula ili wapungue walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kunenepa na ya kula kwa pupa kuliko wenzao wasiojinyima. Njaa ya kulazimishwa hulipwa usiku, kwa siri, jikoni.

Wazazi huuliza kwa haki: basi mbona wadogo zake wanakula vilevile na hawanenepi? Ni urithi. Ni kweli kuwa miili haifanani, na tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa sehemu kubwa ya tofauti ya uzito kati ya mtu na mtu hurithiwa. Lakini ukoo wenu haukubadilika tangu mwaka 1990. Kilichobadilika ni duka la mtaani, bodaboda mlangoni na simu mkononi. Urithi unaeleza nani ataanza kunenepa mambo hayo yakibadilika, na kwa hiyo unatufundisha kumwondolea kijana lawama. Hautufundishi kukaa tu. Na wale wadogo wembamba wanaokunywa soda ileile wanaharibu meno na kujenga mazoea yaleyale. Mabadiliko ya nyumba yatawafaa hata wao.

Tuanze na sukari inayonywewa, kwa kuwa hapo ndipo faida kubwa hupatikana kwa uchungu mdogo. Tazama chai ya asubuhi katika nyumba ya kawaida ya mjini. Birika linawekwa mezani likiwa tayari limetiwa sukari jikoni, bakuli la sukari linawekwa pembeni, na kijana anaongeza vijiko viwili vilivyojaa kwenye kikombe kikubwa. Saa nne shuleni ananunua juisi ya pakti. Jioni, soda. Chupa ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, yaani vijiko vidogo saba au nane. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana isifike asilimia 5. Kwa anayehitaji kalori 2,000, hizo ni gramu 50, au 25 kwa lile lengo bora. Kijana wetu anavuka kikomo kabla ya chakula cha usiku, na hakuna alichotafuna. Kinywaji hakishibishi kama chakula. Tumbo haliipunguzii sahani ya mchana kwa sababu ya soda ya asubuhi. Ushauri wangu ni mkali hapa tu, kwingine nitalegeza: soda, juisi za pakti na vinywaji vya kuongeza nguvu visikae nyumbani kabisa. Harusini, Krismasi au Idi anywe kama wengine, bila kuangaliwa. Sukari ya chai ipunguzwe kwa birika zima, kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili au tatu, bila kutangaza. Ulimi huzoea upesi kuliko watu wanavyodhani.

Kisha mafuta. Simama kwenye kibanda cha chipsi jioni na uangalie. Chipsi zilizokaangwa nusu tangu mchana zinatupwa kwenye kikaango chenye mafuta yaliyotumika siku nzima, mayai mawili yanapasuliwa na kumiminwa juu, mafuta kidogo yanaongezwa pembezoni ili yai lisishike, kisha chakula kinapinduliwa kwa sahani na kurudishwa upande wa pili. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takriban kalori 120, karibu sawa na chupa nzima ya soda ndogo, na sahani ile imekunywa vijiko kadhaa. Sisemi chipsi mayai ni sumu. Yai lake ni chakula kizuri sana. Tatizo ni kuwa kwa vijana wengi wa mjini kimekuwa mlo wa usiku wa mara nne kwa wiki, kwa sababu mama amechelewa kutoka dukani na pesa ndiyo iliyopo. Hapo tiba ni ya ratiba. Maharage au choroko zikichemshwa kwa wingi Jumapili na Jumatano, jioni kunahitajika nusu saa tu ya kusonga ugali na kuchanganya mboga. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu.

Ugali nao hulaumiwa zaidi ya unavyostahili. Wazee wa Usukuma waliula vizazi kwa vizazi bila kiribatumbo, lakini waliula wa mtama au uwele, kwa mlenda na maziwa, na walirudi shambani. Ugali wa sembe iliyokobolewa hadi ikawa nyeupe umepoteza makapi yanayoshibisha na sehemu kubwa ya vitamini, na hupita tumboni haraka. Dona ni afadhali, na mtama uliochanganywa na mahindi ni bora zaidi. Jambo la pili ni uwiano. Katika sinia la pamoja hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mwenye mkono mwepesi hushinda. Sitaki nyumba ziache kula pamoja, kwani kula pamoja ni kinga ya aina yake. Ila ukubwa wa bonge la ugali na ukubwa wa bakuli la mboga vibadilishane: mboga za majani na mikunde zijae, ugali upungue, na nyama au dagaa vigawiwe kwa kila mtu.

Hapa hoja ya bei hujitokeza, na sikubaliani nayo kwa Simiyu. Chakula bora ni ghali kwa anayedhani chakula bora ni tufaha, mkate wa ngano nzima na samaki wa friji. Mkoa huu unalima dengu na choroko kwa wingi, halafu tunaziuza zote kwa gunia na kununua biskuti. Busega ina ziwa na dagaa. Meatu na Itilima zina ng'ombe, na maziwa mgando yasiyotiwa sukari hayashindwi na kinywaji chochote cha dukani. Nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, huhifadhi mboga mpaka kiangazi. Karanga za kuchemsha, mahindi ya kuchoma, kipande cha papai, matobolwa badala ya andazi: kijana mwenye njaa ya saa kumi anahitaji kitu cha kutafuna, na mzazi asiyemwekea kitu hicho amemkabidhi kwa kibanda. Tahadhari moja: matobolwa na michembe ni viazi vilivyopoteza maji, kwa hiyo nishati yake imekolea. Gao moja na karanga chache linatosha. Na asiondoke nyumbani bila kula asubuhi. Uji wa mtama wenye maziwa, au kiporo cha ugali na maharage, vitamfikisha mchana bila kutetemeka mbele ya meza ya vitumbua.

Pesa ya shuleni ndiyo sehemu ambayo mzazi anaidharau kuliko zote. Ukimpa mtoto shilingi 1,000 kila asubuhi, umeshanunua andazi, sambusa na barafu ya rangi. Yeye anakwenda tu kuzichukua, kwa sababu getini hakuna kingine kinachouzwa. Kamati ya shule ina nguvu juu ya jambo hili kuliko daktari yeyote. Serikali ilishatoa mwongozo wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi mwaka 2021, na shule nyingi zinachangiwa mahindi na maharage na wazazi. Wazazi wenye uwezo wachangie bila kuona kuwa ni mpango wa maskini: makande ya mchana ya shuleni ni mlo bora kuliko pesa ya mfukoni. Akina mama wanaouza getini wasifukuzwe, ni riziki yao. Waombwe, na wahakikishiwe wateja, kuuza pia mahindi na karanga za kuchemsha, ndizi, machungwa na mayai.

Upande wa kutembea na michezo, niseme kwanza kile ambacho mazoezi hayawezi. Nusu saa ya kutembea kwa haraka hutumia nishati inayokaribia ile ya chupa moja ndogo ya soda. Kwa hiyo mzazi anayemkimbiza mtoto alfajiri na kumnunulia soda ya pongezi amerudi alipoanzia. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo tu. Lakini huufanya mwili utumie sukari vizuri, hushusha shinikizo la damu, hujenga mifupa na misuli, huleta usingizi na huinua moyo, hata pale ambapo mizani haijasogea. Kijana asiyejua hili hukata tamaa wiki ya tatu. Kipimo kinachoshauriwa ni dakika 60 kwa siku kwa wenye miaka 5 hadi 17, pamoja na kazi za nguvu siku tatu kwa wiki. Duniani, vijana wanne kati ya watano wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Nchini Kenya, Robert Ojiambo na wenzake waliwavisha vijana vifaa vya kupima mwendo wakakuta wa vijijini wanajishughulisha zaidi na wana pumzi zaidi kuliko wa mjini. Hakuna aliyewafundisha mazoezi. Walitembea kwenda shule na kufanya kazi za nyumbani.

Hapo ndipo pa kuanzia. Kijana anayekaa kilomita mbili kutoka shuleni na kupelekwa kwa bodaboda amepokonywa karibu saa nzima ya mwendo kwa siku. Mzazi atasema barabara ni hatari na wasichana husumbuliwa njiani, na ni kweli. Basi watembee kwa makundi ya mtaa, mkubwa mmoja akiwasindikiza kwa zamu, au bodaboda imshushe umbali fulani kabla ya shule mahali palipo salama. Baiskeli, ambayo Usukumani ilikuwa heshima ya nyumba na bado mbio zake hujaza watu barabarani, irudishiwe thamani yake kwa wasichana na wavulana. Kazi za nyumbani zigawiwe bila kujali jinsia: kuchota maji, kupalilia bustani, kukata majani ya mifugo, kufua kwa mikono. Mvulana wa mjini anayefuliwa na kupikiwa ana siku nzima ya kukaa. Na ngoma! Vijana wanaocheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe, hutokwa jasho kuliko walioko uwanja wa mpira, na mnene hachaguliwi wa mwisho humo. Walimu wa michezo wazingatie hili. Mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA hutafuta wenye kasi, na asiye na kasi hubaki kushika nguo za wenzake. Mpeni tufe, kisahani, kuvuta kamba, rede. Mwili mzito mara nyingi una nguvu, na kijana akigundua jambo analoliweza atarudi kesho. Kwa aliyekaa muda mrefu, dakika kumi mara tatu kwa siku zinatosha mwezi wa kwanza.

Na masomo? Simiyu ilijipatia sifa kwa makambi ya kitaaluma, na mzazi anayeona matokeo yakipanda hataki kusikia habari za kucheza. Lakini mwaka 2010 mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ilipitia tafiti 50 kuhusu mazoezi shuleni na ufaulu, na ikakuta kuwa muda wa michezo husaidia masomo au hauyadhuru. Mifano ya kudhuru ilikuwa michache mno. Kinachodhuru ni kukosa usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Tuisheni hadi saa tatu usiku, kisha simu hadi saa saba, kisha kuamka saa kumi na moja, humletea siku inayofuata njaa ya vitu vitamu na akili iliyochoka. Simu za nyumba nzima, ya baba ikiwemo, zilale sebuleni.

Kuhusu maneno, nyumba iwe na sheria moja: hakuna utani juu ya mwili, hata wa mjomba. Zungumzeni nguvu, usingizi, pumzi na chakula cha familia. Kilo waachieni wahudumu wa afya. Msinunue vidonge, chai au dawa za kienyeji za kupunguza tumbo. Lengo la kwanza kwa kijana anayerefuka mara nyingi ni kuzuia uzito usiongezeke huku urefu ukiendelea, na kwa mwaka mmoja hilo peke yake hubadilisha hesabu. Mwenye kiribatumbo kikubwa atahitaji kupungua taratibu chini ya uangalizi wa daktari.

Zipo dalili zisizosubiri mpango wa nyumbani. Kiu kali na kukojoa sana, hasa akianza kukonda ghafla, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Weusi mnene kama mahameli shingoni na kwapani huashiria kuwa mwili unashindwa kutumia insulini, akapimwe sukari. Kukoroma kunakokatizwa na kimya cha kukosa pumzi, maumivu ya kichwa yenye ukungu wa macho, hedhi iliyopotea kwa miezi, vyote ni vya daktari. Kijana mnene anayechechemea au kulalamikia nyonga au goti asikandwe wala kuambiwa ni uvivu. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinateguka, na akiendelea kutembelea mguu huo anaweza kulemaa. Mnene aliye mfupi kupita wenzake na asiyekua anahitaji vipimo vya homoni. Hospitali ya Somanda na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Nyaumata zinaweza kuanza uchunguzi, na Hospitali ya Bugando iko Mwanza kwa watakaopewa rufaa. Baada ya hapo arudi kupimwa kila miezi mitatu, palepale, kwa mizani ileile, akisindikizwa na mzazi ambaye naye atavua viatu na kupanda.